Kiasi cha Bunduki

Katika kamusi za kale za Kiswahili, zile zilizoandikwa na wamisionari walioishi Unguja na Mombasa katika karne ya 19, risasi iliyokamilika pamoja na baruti yake huitwa "kiasi cha bunduki". Leo maana hiyo haisikiki. Askari husema risasi, mwindaji husema risasi, na hata ganda tupu lililookotwa porini huitwa risasi, ingawa kwa asili yake ya Kiarabu neno hilo ni jina la madini tu, ile metali nzito na laini inayoyeyuka kwa moto mdogo. Kiasi nacho kimebaki kwetu kwa maana ya kipimo na kwa maana ya tabia: mtu wa kiasi, kula kwa kiasi, kunena kwa kiasi. Nimelitafakari neno hili kwa miezi kadhaa, na safari hii si kwa ajili ya utungo. Mpwa wangu aliniuliza swali nisilolitarajia kutoka kwa mtu aliyezaliwa Magomeni, Mtwara: achague bastola gani ya kuwindia?

Mpwa wangu anaishi Ohio, Marekani, mwaka wa 11 huu. Amepata uraia, ana mke na watoto wawili, na riziki yake huipata katika ghala la mizigo. Wenzake kazini huwinda kila mwaka baridi inapoanza, nao wamemkaribisha. Wengine hutumia upinde, wengine rifali, na mzee mmoja anayemheshimu sana hutumia bastola kubwa. Mpwa wangu alitaka silaha moja ifaayo kwa mambo mawili: kumwinda yule mnyama wao wa msituni mwenye pembe za matawi, na kulenga shabaha siku za mapumziko. Mambo ya huko angeweza kuyauliza huko huko, na aliyauliza. Kwangu alikuja kwa sababu mbili. Sisi ni Wamakonde, na kwa jadi ya Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba ndiye anayeulizwa mpwa anapotaka kuoa, anapojenga, na anapotaka kutia mkononi jambo zito. Sababu ya pili ni kwamba mama yake, dada yangu mkubwa, alikuwa amekwisha kukataa.

Kauli ya dada ilikuwa fupi. "Mdogo wangu, bastola haiwindi mnyama. Bastola huwinda mtu."

Nilipoipima kauli hiyo kwa mizani ya lugha, niliona ina haki yake. Chukua magazeti ya Kiswahili ya miaka yoyote, utafute neno bastola, uone limekaa na nani. Limekaa na jambazi, na polisi, na mlinzi wa tajiri. Huliti bastola jirani na kitoweo. Gobore ndilo linalokaa na nguruwe wa mashambani, na rifali ndiyo inayokaa na nyati na tembo. Tena sisi wa Mtwara neno silaha hatulisikii kama linavyosikika Dodoma au Tanga. Wazee wetu waliwapokea wakimbizi waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, kati ya mwaka 1964 na 1974. Tangu Oktoba 2017 moto umewaka tena ng'ambo ya mto, katika jimbo la Cabo Delgado, na Oktoba 2020 ukavuka hadi kijiji chetu cha Kitaya. Mama wa Magomeni akisikia kuwa mwanawe ananunua silaha ya mkono mmoja, katika nchi ambayo habari zake za risasi humfikia kila mara, hawezi kuambiwa kwamba anaogopa kivuli.

Hivyo kazi niliyopewa ilikuwa ya tafsiri, na tafsiri ya namna hiyo haitoshelezwi na kamusi. Nilitakiwa kumweleza mama jambo la mwanawe kwa maneno ambayo angeyakubali kuwa ni ya kweli, kisha nimpelekee mwana maneno ya mama yake bila kuyapunguza makali.

Nilianza na mnyama, kwa kuwa silaha huchaguliwa kwa kumtazama anayelengwa. Hapo tu Kiswahili kilinitaka nisimame. Kamusi zetu za kutoka Kiingereza humpa mnyama huyo jina la kulungu, au paa, au swala. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliye ndugu yake wa karibu. Paa wa vichaka vya pwani yetu ni mdogo kiasi cha kubebwa kwapani, hafiki kilo 10. Kulungu, ambaye wengine humwita pongo, dume lake huwa na uzito wa kilo 40 hadi 80. Yule wa Ohio, ambaye sehemu ya chini ya mkia wake ni nyeupe, dume lake huweza kuzidi kilo 100. Kuna tofauti kubwa zaidi ya uzito. Pembe za kulungu ni za kudumu: mfupa uliovikwa ganda gumu, alizaliwa kuzibeba mpaka kufa. Pembe za yule mwingine ni mfupa mtupu wenye matawi, nazo huanguka kila mwaka na kuota upya. Wanyama wa jamii yake hawapatikani kwa asili kusini mwa Sahara. Katika Afrika nzima wamo kaskazini tu, upande wa Algeria na Tunisia.

Watafsiri wa Biblia walikutana na shida hiyo hiyo, wakaazima neno ayala, lenye ndugu zake katika Kiebrania na Kiarabu. Ni neno zuri, nalo lina vina vingi vya kulipokea. Lakini dada yangu ni Mwislamu wa Magomeni. Nilipomtajia ayala alidhani ni jina la msichana. Nikamwambia basi ni mfano wa kulungu, ila ni mkubwa zaidi, na pembe zake zina matawi kama mkorosho uliokauka.

"Analiwa?" akauliza.

"Analiwa."

"Kwa halali?"

Nikamweleza kuwa mwanawe hutaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, na akimkuta mnyama angali hai humchinja. Alinyamaza. Kwa mara ya kwanza bastola ilikuwa imekaa jirani na kitoweo.

Kisha nikaja kwenye silaha yenyewe. Swali la kwanza la mtu yeyote mwenye akili ni hili: ikiwa rifali ipo, kwa nini bastola? Rifali ina kitako cha kuegemea bega, ina mtutu mrefu, inapiga mbali na kwa uhakika zaidi. Jibu la wawindaji wa bastola ni kwamba wamejinyima umbali kwa hiari yao. Mwenye bastola hana budi kumsogelea mnyama, na kumsogelea mnyama ni elimu ya upepo, ya nyayo na ya subira. Wako wanaotaja pia wepesi wa kuibeba katika vichaka vilivyosongamana. Kwa Ohio, ambako mashamba na makazi ya watu yamekaribiana, sheria imekwisha kuweka mipaka yake: bastola ya kuwindia mnyama huyo iwe na mtutu usiopungua inchi 5, na tundu lisilopungua .357, yaani takriban milimita 9. Sheria hiyo ilinisaidia kuliko maelezo yangu yote. Nilimwonyesha dada kwa rula ya mjukuu. Bastola ya jambazi hutafutwa iwe fupi ili ifichike. Ya mwindaji hupimwa isije ikawa fupi. Zile alizokuwa akizitazama mpwa wangu zilikuwa na mtutu wa inchi 7 na nusu hadi 10, na uzito wa zaidi ya kilo moja. Hakuna mfuko wa suruali unaoweza kuimeza.

Niseme pia, ili asiwepo wa kunielewa vibaya, kwamba haya ni ya Ohio. Kwetu uwindaji bila kibali umekatazwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na umiliki wa silaha unaongozwa na sheria yake ya mwaka 2015. Simshawishi mtu aingie na bastola katika misitu ya Ruvuma.

Sasa nifike kwenye neno lililonipa raha kuliko yote. Ukubwa wa tundu la mtutu, ambao ndio hupewa hizo tarakimu za .357 na .44, Waingereza na Wafaransa huuita kwa neno ambalo wachunguzi wengi wa asili za maneno hulirudisha kwenye Kiarabu: qalib, yaani umbo la kumiminia kitu kiyeyushwacho ili kikiganda kifanane nalo. Waarabu nao wanasemekana walilipata kwa Wayunani, ambao walikuwa wakiita hivyo mguu wa mti wa fundi viatu. Neno hilo sisi tunalo toka zamani: kalibu, ambalo wengine huliita subu. Mhunzi wa zamani aliyemimina risasi zake mwenyewe alizimimina katika kalibu. Halafu neno lile lile likazunguka Ulaya, likaturudia kwa mlango mwingine likiwa limevaa koti: kaliba. Watangazaji wa mpira husema mchezaji wa kaliba ya juu, na wanasiasa husema kiongozi wa kaliba yake. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiuliza kaliba ipi imfae, aliuliza maswali mawili bila kukusudia. Moja lilikuwa la tundu la chuma. La pili lilikuwa la mtu.

La tundu lina majibu yanayoweza kuandikwa. Risasi ya .357 Magnum ilitoka mwaka 1935. Ndiyo mpaka wa chini wa sheria ya Ohio, nayo hutosha kwa mnyama huyo ikiwa mlengaji yuko karibu na mkono wake umetulia. Ile ya .44 Magnum ilikuja katikati ya miaka ya 1950, baada ya Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho, kukaa miaka mingi akiijaribu .44 ya zamani kwa baruti nyingi zaidi na kuwashawishi watengenezaji. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 15 na nusu hivi, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde. Juu yake iko .454 Casull, na juu zaidi iko .500 ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 2003, yenye upana wa milimita 12.7 na bastola inayoweza kufika kilo 2. Neno magnum lenyewe ni la Kilatini, maana yake kubwa, na lilizoeleka kwenye chupa kubwa za mvinyo kabla ya kupachikwa kwenye risasi. Wapenzi wa lugha watafurahi kujua kwamba hata tarakimu hizi zina sitiari ndani yake: risasi ya .44 haina upana wa sehemu 44 za mia za inchi. Ina .429. Jina limerithiwa, kipimo ni kingine.

Kijana akiona ngazi kama hiyo hutamani kupanda hadi juu. Mpwa wangu naye alinitumia picha ya ile ya .500, iking'aa kama sufuria mpya. Mwaka 1971 ilitoka filamu ya askari wa San Francisco mwenye .44 Magnum, na tangu hapo bastola hiyo ikawa ndoto ya watu wengi ambao hawakuwa na mnyama wa kumwinda. Nilipomsimulia dada habari za picha hizo, alinijibu kwa methali: mchagua jembe si mkulima.

Methali hiyo ina ukweli, na ina mpaka wake. Mkulima anayekataa kila jembe anakwepa shamba. Lakini mkulima asiyechagua kabisa atalima kwa mpini uliozidi urefu wake, na jioni mgongo utamwambia. Katika bastola kubwa, mpini huo ni teke. Risasi inapokwenda mbele, silaha hurudi nyuma na kupaa, na kadiri risasi ilivyo nzito na ya kasi ndivyo teke linavyozidi, hasa silaha ikiwa nyepesi. Mkono huweza kulizoea teke, lakini jicho hujifunza kuliogopa. Mlengaji aliyeonja teke asiloliweza huanza kufumba macho kabla ya mlio, na kidole chake huusukuma mtutu chini ili kuliwahi pigo. Kuanzia hapo hakuna tundu, dogo wala kubwa, litakalomsaidia. Mnyama hufa kwa risasi inayopita nyuma ya bega, penye moyo na mapafu. Eneo hilo kwa mnyama wa Ohio halizidi sana ukubwa wa sahani. Risasi kubwa iliyopita tumboni haitendi kazi ya risasi ya wastani iliyopita mapafuni.

Ndipo nilipoona kuwa mambo mawili aliyoyataka mpwa wangu, kuwinda na kulenga shabaha, ni jambo moja. Silaha ya kuwindia inayomwogopesha mwenyewe hatafanya nayo mazoezi, na asiyefanya mazoezi hana haki ya kumwelekezea mnyama. Hapa watengenezaji wameacha mlango mzuri. Bastola ya .44 Magnum hupokea pia risasi ya .44 Special, ndugu yake mfupi na mpole; ile ya .357 hupokea .38 Special, ile ya.454 hupokea .45 Colt ya tangu mwaka 1873. Kinyume chake hakiwezekani, maana ile yenye nguvu imerefushwa makusudi isiingie katika chumba cha ile dhaifu. Mtu huweza kufyatua mia za upole na kumi za nguvu kwa silaha ile ile, kwa mtambo ule ule wa kidole, mpaka kidole kisahau kuogopa.

Shabaha nayo ina lake la kutufundisha. Kamusi hulipa neno hili maana ya kitu kinacholengwa, na maana ya kusudio, na pia maana ya mfano au ufanano. Nilikuwa nikidhani hizo ni maana zilizokutana kwa bahati, mpaka mpwa wangu aliponieleza mchezo mmoja wa bastola uliotoka kwa Wameksiko na kupata chama chake cha kimataifa mwaka 1976. Walengaji husimamisha maumbo ya chuma: kuku kwa mita 50, nguruwe kwa mita 100, bata mzinga kwa mita 150, na kondoo kwa mita 200. Wanapiga mifano ya wanyama, umbo likianguka alama inahesabiwa, kisha linasimamishwa tena. Shabaha ni mfano. Faida ya mfano ni kwamba ukiujeruhi hauumii. Mtu anaweza kukosa mara elfu na dunia isipungukiwe na kitu.

Mnyama hana ruhusa hiyo, na kuhusu hilo dada yangu alikuwa na elimu iliyonizidi. Marehemu baba yetu alikuwa na gobore alilolindia shamba la muhogo. Wasomaji wa mijini huenda hawaijui kazi yake. Unamimina baruti mtutuni, unaishindilia kwa mdeki, unatia marisau au kipande cha chuma, unashindilia tena, unaweka fataki, ndipo ulenge. Ukikosa, nguruwe amekwisha kufika kijiji cha pili nawe bado unautafuta mdeki gizani. Na kulikosa shamba si jambo dogo kusini huku. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na wilaya za Lindi na Mtwara zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Watafiti walionyesha kuwa nguruwe ndio huwavuta simba mashambani, na kwamba wakulima wanaolala shambani kuwalinda nguruwe ndio hukutwa na simba. Dada alilala na baba katika dungu akiwa msichana, kazi yake kushika taa. Alimwona baba akishusha gobore mara nyingi kuliko alivyomwona akilifyatua. Nguruwe mzima hula muhogo, baba alikuwa akisema, lakini nguruwe aliyejeruhiwa hula watu.

Basi dada akaniuliza swali ambalo hakuna muuza silaha aliyemuuliza mwanawe.

"Hiyo bastola ina risasi ngapi?"

Nikamwambia zile nyingi zina silinda inayozunguka yenye risasi 5 au 6. Silinda analijua, mafundi pikipiki hapa mtaani hulitaja kutwa.

"Sita," akasema. "Basi atakuwa mvivu wa kulenga."

Nilimwandikia mpwa wangu maneno hayo kama yalivyotoka. Alikaa siku 3 bila kujibu. Alipojibu alinieleza habari ya aina nyingine, ambayo yule mzee wa kazini kwao alikuwa nayo na yuko tayari kumuuzia: Thompson/Center Contender, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967. Hiyo haina silinda. Huvunjwa katikati, hutiwa risasi moja, hufungwa, hufyatuliwa, kisha hufunguliwa tena ili ganda litolewe. Mtutu wake hubadilishwa kwa kuchomoa pini, hata fremu moja ikatumika kwa matundu mengi, nayo inasifika sana katika ule mchezo wa maumbo ya chuma kwa usahihi wake. Ya mzee yule ilikuwa na mtutu wa inchi 10 wa .44 Magnum.

Tuliipima pamoja, mjomba na mpwa, kwa barua nyingi. Ina upungufu wake. Mnyama akipigwa vibaya, mwenye silinda anayo risasi ya pili papo hapo, na risasi ya pili inaweza kuwa rehema. Mwenye risasi moja lazima afungue, atoe, atie, afunge, na sekunde hizo ni za mateso ya kiumbe. Upande wa pili, mtu anayejua kuwa hana ya pili huisubiri ya kwanza. Tena nyumba ya mpwa wangu ina watoto wawili. Silaha ambayo ukiifungua unauona mwanga upande wa pili wa mtutu haimdanganyi mtu kwamba ni tupu. Hilo ndilo nililomweleza dada kwa kirefu, pamoja na sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zikiwekwa mbali na silaha. Alisikiliza, akatabasamu kidogo. "Kumbe ni gobore la mkono mmoja," akasema. Sijapata kuona tafsiri iliyo bora kuliko hiyo, nami naiweka hapa kwa wanaotunga kamusi.

Jibu langu kama mjomba lilikuwa hili. Achukue ile ya risasi moja, kwa .44. Afanye mazoezi kwa .44 Special mpaka jicho litulie, kisha aingize zile za nguvu kidogo kidogo. Avae vizibo vya masikio kila mara, kwa sababu mlio wa mtutu mfupi humwibia mtu usikivu asiurudishe. Aegemeze mikono yote miwili kwenye mti au goti. Kisha atundike sahani ya karatasi, ahesabu hatua, na atafute umbali ambao risasi zake zote, si nyingi kati yake, zinaingia ndani ya sahani. Umbali huo, uwe mita 30 au 60, ndio kiasi chake. Haongezi hata hatua moja kwa sababu ya pembe nzuri.

Sisi wenye kutunga tarbia hatuhitaji kufundishwa hilo. Mizani ni 16, na mshairi mwenye la 17 la kusema analinyamazia au anatafuta neno fupi. Niliambatanisha ubeti mmoja, kwa kuwa mpwa wangu alikua akinisikia nikighani, naye hushika nasaha upesi zaidi zikiwa na vina:

Usichague silaha, kwa ukubwa wa sauti,
Tazama kwanza shabaha, na mkono madhubuti,
Mauti siyo mzaha, si mchezo wa baruti,
Asiachiwe jeraha, akafa kati ya miti.

Aliinunua, akasomea mafunzo ya usalama ambayo Ohio huyataka kwa mwindaji mpya, na msimu ulipofunguliwa mwishoni mwa Novemba aliingia msituni kabla ya alfajiri, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa kama sheria inavyotaka. Kiasi chake alikuwa amekipima: mita 45. Jioni yake aliniandikia. Dume kubwa lilitoka kwenye ukingo wa shamba la mahindi yaliyovunwa, likasimama ubavu, likatazama upande mwingine kwa muda ambao mtu angeweza kusoma Fatiha. Alikadiria umbali, akaona ni mita 70 au zaidi. "Alikuwa nje ya kiasi changu, mjomba," aliandika, "nikashusha."

Huenda yeye hajui kwamba alilitumia neno karibu na maana yake ya kale kuliko mtu yeyote niliyepata kumsikia: kiasi kama kitu kilichomo ndani ya bunduki na ndani ya mwenye bunduki kwa wakati mmoja. Nilimpelekea dada ujumbe huo, nikamsomea polepole, mara mbili. Hakusema lolote juu ya bastola. Aliuliza tu kama mwanawe alikuwa amevaa nguo nzito, maana huko, alivyosikia, alfajiri ya Novemba ina baridi ya kuua.